Aliyegawa Karatasi Ngumu na Nyepesi

Kwa miaka saba meza yangu ilitazamana na mlango wa Mwalimu wa Taaluma, na kwa miezi kadhaa ya mwaka mmoja kati ya hiyo sikuweza kumeza chai mlango ule ukiwa wazi. Nilikuwa nimemfanyia jambo. Yeye alijua, mimi nilijua kwamba anajua, na kila asubuhi tulijuliana hali na kuulizana habari za nyumbani bila kukosea hata neno. Jambo lenyewe nitalieleza. Lakini nianze na mtu, kwa sababu usipomjua mtu utaniona mimi mwoga wa bure.

Shule yetu iko nje kidogo ya mji wa Voi, upande ambao ndovu huja kung'oa ua wa senyenge kiangazi kikikaza. Ni shule ya binafsi na inafuata mtaala wa India, kuanzia chekechea hadi darasa la kumi na mbili. Mwaka wetu wa masomo huanza Aprili, wakati watoto wa jirani wako likizo. Wahindi walikuwa wachache. Wengi walikuwa watoto wetu: wa wauguzi, wa mameneja wa hoteli za mbugani, wa wakubwa wa mashamba ya mkonge, wa Wakamba wenye maduka mjini. Wazazi wengine walikimbilia kwetu kwa kuchoka na mtaala wa serikali uliowageuza wao kuwa wanafunzi, kila wikendi wanakata maboksi na kupaka gundi kwa kazi za shule za watoto wao. Wengine walisikia tu kwamba Wahindi wanajua hesabu, wakaona inatosha. Mimi nilikuwa karani wa mitihani.

Mwalimu wa Taaluma mwenyewe hakuwa Mhindi, na hilo liliwachanganya wazazi wapya. Walipanda ngazi wakitarajia kumkuta mtu kutoka ng'ambo, wakamkuta Mdawida wa Chawia, kule milima ya Taita, mwembamba, amefunga tai hadi kooni katika joto la Voi ambalo humfanya mbuzi aingie dukani. Alisomea India akiwa kijana. Tulichojua juu ya miaka hiyo ni kidogo: kwamba katika mtihani wake wa kwanza huko alikuwa wa mwisho darasani, na mhadhiri alisimama akaisoma alama yake kwa sauti mbele ya watu wote. Alitueleza hayo siku moja kwenye kikao cha walimu bila kucheka, kisha akafungua faili na kuendelea na ajenda.

Aliusimamia mtaala ule kuliko waliouandika. Kitabu kikisema rupia, mwanafunzi wake hakuruhusiwa kuandika shilingi. Kitabu kikisema ngano inalimwa Punjab, hakutaka kusikia habari za mahindi ya kwetu ya Mahoo mpaka Punjab iishe. Mwalimu kijana aliyetoka chuoni akamwambia siku moja, "Lakini Mwalimu, hawa watoto hawajawahi kuona ngano."

"Mtihani haujui Voi," akamjibu.

Neno hilo tulilisikia mpaka watoto wakaligeuza utani wao. Mvua ikinyesha, mtihani haujui Voi. Stima ikipotea, mtihani haujui Voi. Mtoto akiumwa na tumbo, wenzake walimwimbia hivyo hivyo hadi mlangoni pa muuguzi. Yeye alisikia na hakukasirika. Nadhani alifurahi.

Kuna mama mmoja wa benki aliyekuja amevimba, daftari la mwanawe wa darasa la tano mkononi. Laki moja ilikuwa imeandikwa 1,00,000, mkato wa kwanza ukiwa umekaa baada ya moja, kama wanavyoandika India.

"Mwalimu, huyu mtoto wangu atafutwa kazi siku ya kwanza."

"Ana miaka kumi, mama. Ataanza kazi lini?"

"Hapa ni Kenya!"

Akamwita mtoto, akaiandika ile laki mara mbili kwenye karatasi moja, mkato ukikaa pale na mkato ukikaa huku. Akamwambia, "Huu ni wa mtihani. Huu ni wa mama yako. Ukichanganya, kosa ni lako, si la mama." Mtoto akaenda zake anaelewa kabisa. Mama ndiye aliyebaki amesimama.

Ugumu wake ulikuwa na upande wa pili, na mimi niliyekaa mbele ya mlango wake niliuona kuliko wengine. Alhamisi moja ndovu walisimama kwenye barabara ya Mwatate, basi letu likakwama, na watoto tisa wakafika dakika ishirini na tano baada ya mtihani wa majaribio kuanza. Aliwafungulia mlango, akawapa karatasi, na saa ilipofika akazikusanya zote pamoja, zilizokwisha na zisizokwisha. Baba mmoja alipiga simu anafoka, nikasikia kila kitu hata bila spika. "Wangepita chini ya tumbo la ndovu, Mwalimu?" Akajibu kwamba wangetoka nyumbani mapema. Tukamwona hana roho. Jumatatu iliyofuata basi lilitoka Mwatate nusu saa kabla ya muda wake, na mtu aliyekaa kiti cha mbele, saa ya mkononi ameiweka gotini, alikuwa yeye. Alifanya hivyo muhula mzima. Kutoka Chawia kufika Mwatate alfajiri si mchezo, na hakuna aliyemwomba.

Mwaka mwingine vitabu vya sayansi vya darasa la tisa vilikwama bandarini Mombasa. Mwenye shule alisema tungoje. Mwalimu wa Taaluma akaingia darasani mikono mitupu, akaanza kuandika sura ya kwanza ubaoni kutoka kichwani. Aliandika wiki tatu. Vitabu vilipofika watoto walilinganisha, na msichana mmoja mkaidi, Mwende, akatangaza kwamba ameona neno moja tu tofauti. Mwalimu akaomba kitabu, akasoma, akasema kitabu ndicho kimebadilika, toleo la zamani halikuwa hivyo. Darasa zima likapiga makofi, naye akawanyamazisha.

Alipiga vita tuisheni, lakini saa kumi na mbili unusu asubuhi ungemkuta na mtoto mmoja au wawili nyuma ya maabara wakirudia kanuni, na ukiuliza, hiyo si tuisheni, hiyo ni mazungumzo. Alikataza Kidawida uwanjani. Lakini alipokuwa anajumlisha alama nyingi, midomo ikicheza, alihesabu kwa Kidawida, nilimsikia mara nyingi. Hakuwahi kumpa mtoto alama zote ishirini za ndani, zile ambazo shule yenyewe hutoa kwa majaribio, daftari na kazi ya mradi kabla ya mtihani wa alama themanini kutoka India. Kumi na nane ndiyo ilikuwa mbingu. Wazazi walilia kwamba shule nyingine zinagawa ishirini kama peremende. "Basi wapeleke kwenye peremende," alisema, na wachache waliwapeleka kweli.

Sasa nifike kwenye karatasi mbili.

Mtoto wa darasa la kumi, katika mtaala ule, hufanya mtihani mmoja wa hesabu kati ya aina mbili. Mada ni zile zile, darasa ni lile lile, ila karatasi moja ni ngumu na nyingine nyepesi. Majina rasmi yapo, sisi tuliziita ngumu na nyepesi. Ukifanya nyepesi unapita na cheti unapata, lakini hesabu ya darasa la kumi na moja shule yetu haikukupa. Na bila hesabu hiyo, habari ya uhandisi sahau. Kila Agosti Mwalimu wa Taaluma aliketi na matokeo ya jaribio la kwanza, akaniletea kurasa mbili kwa mwandiko wake: ukurasa wa kwanza majina ya karatasi ngumu, ukurasa wa pili majina ya nyepesi. Kazi yangu ilikuwa kuyaingiza majina hayo kwenye tovuti ya wenye mtihani kabla dirisha la usajili halijafungwa. Ukutani nilikuwa na saa mbili, moja ya kwetu na moja ya India, kwa sababu wao wako mbele kwa saa mbili na nusu na dirisha lao halisubiri mtu.

Mwaka huo binti yangu Wakesho alikuwa darasa la kumi. Mtaani kwetu maji hufunguliwa siku mbili kwa wiki, na mtoto yule tangu anajua kubeba jerikeni alisema atasomea uhandisi wa maji, aje atafute yanapopotelea. Sikumpa mimi wazo hilo. Nilimlea peke yangu, na ndoto yake nilikuwa nimeishika kuliko yeye mwenyewe.

Jina lake lilikuwa la nne, ukurasa wa pili.

Niliinuka nikaingia kwa Mwalimu bila kubisha hodi.

"Mwalimu, Wakesho umemweka nyepesi."

"Ndiyo, Madam."

"Anataka uhandisi."

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Amepata hamsini na tano. Mstari uko sitini."

"Alama tano, Mwalimu. Tano tu. Mtihani uko Februari, kuna miezi sita."

Akavua miwani. "Nikimvusha yeye, mwingine nitamwambia nini?"

Nilirudi kwenye meza yangu machozi yamenijaa, nikaingiza majina yote kama alivyoyaandika, nikachapa nakala, nikampelekea. Aliipitia kwa rula, mstari kwa mstari, akatia sahihi. Saa saba walimu walikwenda kula. Ofisi ilikuwa tupu, na dirisha la tovuti bado lilikuwa wazi. Kubadilisha neno moja mbele ya jina la mwanangu kulichukua muda mfupi kuliko kupuliza chai. Nikabonyeza kutuma.

Jioni nilimwambia Wakesho. Nilidhani atanikumbatia.

"Mum, umefanya nini?" akasema. "Mum! Sasa nikifeli? Hiyo paper mimi siiwezi, hata Taaluma anajua siiwezi!"

Ndipo nilipoona nilichofanya. Mtoto angewekwa kwenye kundi la marudio la nyepesi kila mchana, halafu Februari akalie karatasi ngumu. Na akianguka hesabu, hata cheti kilikuwa mashakani. Na mimi nikigunduliwa, kazi hakuna, na nafasi yake shuleni, iliyotokana na kazi yangu, hakuna pia. Nililala kwenye hofu hiyo Agosti, Septemba na Oktoba.

Novemba alihitaji kujua achape karatasi ngapi za mtihani wa majaribio. Badala ya kuniuliza alichukua mwenyewe faili la orodha iliyotumwa. Nilimwona akigeuza kurasa. Nikaona rula inashuka, inashuka, inasimama. Akatoka, akaliweka faili mbele yangu, rula bado iko chini ya jina la Wakesho.

"Madam."

"Nimeandika mimi," nikasema.

"Naona."

Nilingoja aniambie nikamwone mwenye shule. Alitazama saa ya India ukutani, kisha saa yetu.

"Dirisha la kusahihisha limefunguliwa," akasema. "Litafungwa Ijumaa."

Akarudi ndani. Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano alinisalimu. Alhamisi akaacha mlango wake wazi siku nzima, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, na akanitazama mara mbili tatu kana kwamba anataka niinuke. Nilijua anachotaka, au nilidhani ninajua: anataka mkono wangu ule ule ulioharibu urekebishe. Nilikataa. Nilijiambia kama anataka kumrudisha mwanangu nyuma, abonyeze yeye. Ijumaa saa ya India ikafika, dirisha likafungwa, na hakuna aliyelisema.

Jumatatu akamwita Wakesho nyuma ya maabara saa kumi na mbili unusu. Na Jumanne, na kila siku hadi Februari. Hakuwa mpole. Mtoto alirudi nyumbani vidole vimejaa wino, analia kwamba Taaluma amemfanya arudie swali moja la pembetatu mara kumi na tatu. Niliamini ananiadhibu mimi kupitia kwake. Na mimi hakunisemesha kwa miezi sita zaidi ya salamu, "Madam, faili," na "Asante." Nilimchukia. Niseme ukweli, nilimchukia vibaya sana, na nilimwogopa, na nilimhitaji, yote matatu kwa pamoja, na sijui mtu anaishije na mambo hayo kwenye chumba kimoja.

Alama za ndani alimpa kumi na tatu.

Matokeo yalikuja Mei. Wakesho alipata hamsini na nne katika themanini, jumla sitini na saba. Ilitosha. Niliinama chini ya meza nikajifanya natafuta kalamu, nikalia huko. Nilipoinuka, Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na karatasi ya matokeo. "Angeweza sabini," akasema, akafunga mlango. Wiki hiyo bango jipya lilipandishwa barabarani, wastani wa shule wa hesabu umeandikwa kwa tarakimu kubwa kuliko jina la shule.

Mwaka uliofuata aliondoka. Hakukuwa na sherehe. Siku moja tai yake haikuonekana, na tukaambiwa amestaafu. Tulisikia kwamba walikosana na mwenye shule, kuhusu nini hatukuambiwa. Mimi niliacha kazi baadaye, Wakesho alipomaliza darasa la kumi na mbili.

Mwaka huu, mwezi wa nne, nilikuwa Mwatate, nikaingia duka la dawa za kilimo kununua mbegu za sukuma wiki. Nikasikia sauti kabla ya kuona mtu.

"Kifuniko kimoja ni mililita ngapi?"

"Mzee, watu wote wanatumia kifuniko tu."

"Sikukuuliza watu wote. Nimekuuliza kifuniko."

Alikuwa amekonda zaidi, amevaa sweta ya mlimani, hana tai. Shingo yake ilionekana ngeni bila tai. Aligeuka akanitazama muda, kisha akanisalimu kwa Kidawida, na akaniita Mama Wakesho. Miaka yote saba alikuwa ameniita Madam.

Tukaketi kwenye hoteli iliyo mkabala, tukaagiza chai na mandazi. Akauliza habari za Wakesho. Nikamwambia yuko mwaka wa pili chuo kikuu, uhandisi wa maji, analalamika kwamba hesabu za huko ni nyepesi kuliko za nyuma ya maabara. Akatikisa kichwa akitabasamu. Hapo nikaona wakati ndio huu, nikikosa leo sitapata tena.

"Mwalimu, nilikukosea. Kuhusu ile orodha. Sikuwahi kusema, na leo nasema. Unisamehe."

Akazungusha kikombe. "Ukurasa wa pili ulikuwa na watoto wangapi, Mama Wakesho?"

"Sikumbuki."

"Kumi na wawili. Wewe ukamtoa mmoja."

Nikasukuma sahani ya mandazi kando.

"Mwenye shule alitaka wastani wa kuweka barabarani," akaendelea. "Mtoto wa kati na kati ukimpa ngumu anaushusha. Ukimpa nyepesi anaupandisha. Kila mwaka aliniambia mstari niweke wapi. Miaka ya kwanza ulikuwa arobaini. Ukaenda hamsini. Mwaka wa Wakesho ukawa sitini. Nikauchora. Mimi niliyesomewa alama yangu mbele ya watu na nisifukuzwe, nikauchora."

"Lakini uliniambia—"

"Nilikwambia mstari uko sitini. Sikukwambia ni wa nani."

Mhudumu akaja kuuliza kama tunaongeza. Tukasema hapana.

"Siku nilipoona jina la Wakesho kwenye faili, nikajua kuna mtu mmoja shule nzima ambaye amekataa. Nikakwambia dirisha liko wazi. Nikaacha mlango wazi. Nikangoja uingie, useme, Mwalimu, nimemtoa wangu, tuwatoe na hawa wengine. Ungesema hivyo ningefanya. Siku nne nilingoja."

Hasira ikanipanda, wala haikuwa aibu. "Mwalimu, dirisha lilikuwa lako. Mlango ulikuwa wako. Mimi nilikuwa karani, naogopa kufutwa. Ungeniambia!"

"Ningekwambia," akasema. "Ndiyo. Na mimi niliogopa, nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja." Hakujitetea zaidi ya hapo. "Nikamfundisha wako asubuhi ili angalau mmoja nisimharibie. Nikamwambia mwenye shule mwaka uliofuata kwamba sichori tena. Ndipo nikaondoka, na umeona nilivyokaa."

Akaweka mikono yote miwili mezani, akaanza kuwataja wa ukurasa wa pili kwa vidole, kwa mpangilio ule ule aliouandika, na kila mmoja na alama yake. Mutua, hamsini na tisa, anaendesha boda boda stesheni. Hemali, hamsini na sita, aliolewa Nakuru. Mwakio, arobaini na nane, huyo kweli hesabu hazikuwa zake, ana duka la simu na amefanikiwa. Nilikuwa nimeyachapa majina hayo kwa vidole vyangu, herufi moja moja, na yalinipita masikioni kama majina ya watu wa mji mwingine. Kidole cha nne akakiruka, ndipo palipokuwa pa Wakesho. Cha tano akakishika, akasita.

"Huyu wa tano," akasema. "Msichana. Alikuwa na hamsini na nane. Jina limenitoka. Uzee huu."

"Mghoi," nikasema.

Mghoi sijamtaja popote hadi hapa, na si kwa kusahau. Alikuwa rafiki wa Wakesho. Kuanzia Septemba ile, Mwalimu akiwa bado hajajua lolote, Mghoi ndiye aliyekuja kwetu kila Jumapili baada ya kanisa, akala chakula changu, akaketi na mwanangu mezani hadi jioni wakifanya maswali ya karatasi ngumu. Yeye ndiye aliyekuwa akieleza. Wakesho ndiye aliyekuwa akiuliza. Aliendelea kuja hata Februari, wiki ya mwisho, akijua vizuri ni karatasi gani atapewa yeye. Mara moja aliniuliza, nikiwa naosha vyombo, "Auntie, Wakesho ulimbadilishiaje?" Nikamwambia asirudie kuniuliza swali hilo, la sivyo atamponza mwenzake. Hakurudia.

"Mghoi," Mwalimu akasema, akakunja kidole. "Ndiye. Yuko wapi siku hizi?"

Nikamwambia sijui. Namba ya mama yake ninayo kwenye simu mpaka leo, sijawahi kuipiga.